Silinda ya Saba

Paka wa Jericho, Nairobi, hawana adabu. Gari likiegeshwa tu huku boneti ingali na joto, watakuja watatu au wanne wajikunje juu yake kama wenye mtaa. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, Sylvance aliposimama mlangoni na mswaki mdomoni akiitazama Peugeot ya marehemu babake, alihisi kuna kitu hakikukaa sawa kabla hata hajakijua ni kitu gani.

Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Mabati yalidondosha maji, ua wa michongoma ulikuwa umeinama kwa uzito, na gari lilikuwa limelowa kila mahali isipokuwa kwenye boneti. Boneti ilikuwa kavu. Sylvance akaweka kiganja, akakiondoa mbio. Ilikuwa moto kama sufuria, na gari lilizimwa jana yake saa kumi jioni. Paka watano walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wa jirani, wamelowa chapachapa, wakiikodolea macho boneti ile yenye joto. Hakuna hata mmoja aliyeshuka.

"Ni shoti ya waya tu," alijiambia, akachomoa betri. Mafundi wana jibu la kila kitu, ndiyo shida yao.

Gari lenyewe lilikuwa 504 ya zamani, ile ndefu ya safu tatu za viti, iliyokuwa ikibeba ukoo mzima kwenda magharibi wakati wa Krismasi, na jeneza juu ya keria siku nyingine. Babake Sylvance, karani wa reli, aliliendesha miaka ishirini bila kulikwaruza. Alipofariki liliinuliwa juu ya mawe kando ya nyumba, likakaa hapo miaka kumi na mmoja. Watu wa vyuma kuukuu walikuja mara nyingi, na kila mara Mama Awuor, mjane wake, aliwafukuza na mwiko mkononi. Alikuwa amesema neno moja tu kuhusu gari lile: siku atakayoiaga Nairobi arudi Siaya kuzeeka, atarudi ndani yake.

Mwili wa gari ulikuwa mzima. Injini ndiyo iliyokufa, silinda zake nne hazina pumzi hata ya kuzima mshumaa. Fundi mwenye busara angetafuta nne nyingine. Sylvance ana busara, hilo silikatai, lakini alitaka sita. Aliwahi kutengeneza gari moja la silinda sita, akaweka glasi ya maji juu ya injini ikinguruma, na maji hayakutikisika. Tangu siku hiyo injini za nne zote zilikuwa kikohozi kitupu masikioni mwake.

Aliipata kwa Kadar, mzee wa Eastleigh mwenye ndevu za hina, muuzaji wa injini zilizotumika. Ilikuwa ya Kijapani, silinda sita kwa mstari mmoja, imetolewa kwenye gari lililopata ajali, na ilisemekana dereva wake alifariki. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake. Sylvance akakata chuma cha mbele, akasogeza redieta mpaka ikakaribia kuzibusu taa, akachomelea vishikio vipya, akarefusha shafti. Jumapili baada ya Jumapili kwa miezi saba, kanisa lilimkosa, na mkewe akamkosa zaidi.

"Si ungeoa hiyo injini tu," Lydiah alimwambia.

"Ilikataa. Inasema niko na bibi tayari."

Ilipowaka mara ya kwanza aliweka glasi ya maji juu yake. Maji yalitulia kama yako mezani. Sylvance alilia, na sioni aibu kumsema.

Jumapili hiyohiyo, siku moja kabla ya mambo ya paka, aliwapeleka matembezi. Mama Awuor alikaa mbele na kitambaa chake cha kanisani. Nyuma alikaa Anyango, binti pekee wa Sylvance na Lydiah, mwenye miaka saba na maneno ya mtu wa miaka sabini. Walishuka Jogoo Road, wakapanda Outering, injini ikiimba. Sylvance alipotazama kwenye kioo alimwona mtoto amejibana kabisa kwenye mlango, shavu limegandamana na dirisha, na kiti chote kilichobaki kitupu.

"Mbona umejibana hivyo, Mama?" akamuuliza. Alizoea kumwita Mama, kwa mapenzi.

"Naacha nafasi."

"Ya nani?"

"Ya huyu."

Wakacheka, Sylvance na Mama Awuor. Watoto bwana.

Wiki ile Sylvance alimpeleka Anyango shule kila asubuhi kwa gari, majirani wakitoka kuangalia. Ijumaa ilipofika Lydiah hakuwa anacheka tena. Mtoto alikuwa hagusi chakula. Alikonda usoni, macho yakamwingia ndani, na akikaa mezani, kwenye kochi au kitandani, alijisukuma pembeni na kuacha nafasi ya mtu mmoja. Tena alikuwa na mchezo mpya wa kidole. Aligonga meza mara sita, harakaharaka. Halafu akanyamaza kidogo, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri. Halafu akagonga mara moja, polepole.

"Nani amekufunza hiyo?" Lydiah aliuliza.

"Gari."

Sylvance alijifanya hakusikia. Mdundo huo alikuwa ameusikia na yeye.

Kuna njia ya kusikiliza injini ambayo haifundishwi darasani. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaubana sikioni, na injini inakuambia siri zake zote. Tangu Jumanne Sylvance alikuwa akiinama kwenye gereji yake ya kando ya barabara, bisibisi sikioni, akizisikia silinda sita zikipokezana vizuri, safi, bila kosa, na baada ya sita kulikuwa na kishindo kimoja kisichokuwa na mwenyewe. Alibadilisha mafuta. Akakaza kila nati. Kishindo kikabaki. Jumamosi akampigia Kadar, kwa sababu ndiyo kawaida: aliyekuuzia injini akiambiwa ina ugonjwa, anakuja kuusikia kwa masikio yake.

Kadar alifika mchana na fimbo yake. Akasalimia, kisha akainua pua.

"Nani amechoma udi hapa?"

"Udi gani, Mzee? Hapa ni petroli tu."

Lakini harufu ilikuwepo, na Sylvance alijua imekuwepo wiki nzima: udi uliozimwa kwa maji, mtamu na mbichi.

"Hebu sikiza hii kitu," akasema, akaiwasha.

Ukitaka kujua silinda ipi ina kasoro, unachomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inawaka. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inayumba. Ukichomoa ya mbovu, haibadiliki, na hapo umemkamata mwizi wako. Sylvance akachomoa ya kwanza, injini ikatetemeka. Akachomoa ya pili, ikayumba. Ya tatu, ikaanza kukohoa. Ya nne, na hapo injini yoyote iliyotengenezwa na binadamu ingezima, lakini hii iliendelea, nzito, ikijikokota. Akachomoa ya tano, na alipochomoa ya sita feni ilisimama, mikanda ikasimama, kila kinachozunguka kikaacha kuzunguka, mtaa mzima ukaonekana kunyamaza pamoja nacho, na katikati ya ule ukimya, ndani kabisa ya chuma ambacho hakikuwa na moto wala umeme wala sababu yoyote ya kutoa sauti, kikasikika kishindo kimoja, laini, bila haraka. Kisha kingine. Kisha kingine.

Kadar alirudi nyuma hatua tatu. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua.

"Sylvance," akasema kwa sauti ya chini, "sikia. Hii injini uitoe. Leo. Niletee, nitakupa nyingine, sitaki kitu. Lakini kwanza niambie, umewahi kuongea nayo?"

"Kuongea na injini?"

"Kuiita. Kuikaribisha. Hata kwa mchezo."

"Hapana."

"Alhamdulillah. Hiki kimefungwa kwenye chuma. Hakina jina, hakina mlango. Chuma kikiondoka, nacho kinaondoka. Usikipe jina, ndugu yangu."

"Ni yule dereva?" Sylvance alinong'ona. "Aliyekufa kwa ajali?"

"Nilisikia alikufa, kweli. Lakini mtu akifa anakwenda zake. Hiki," Kadar akasema, akiinyooshea fimbo boneti bila kuigusa, "hakijawahi kuwa mtu."

Sasa hapo, msomaji, mimi na wewe tungeshika spana. Sylvance hata aliishika. Akaiweka kwenye nati ya kwanza ya kishikio alichokichomelea mwenyewe, akaona weko lake lilivyolala vizuri, akakumbuka Jumapili thelathini, akakumbuka mamake kwenye kiti cha mbele na kile kitambaa. Akairudisha spana kwenye sanduku. Aliogopa sana, na aliipenda injini ile kuliko alivyoogopa.

Jioni aliyasimulia yote nyumbani kwa sauti ya chini, mtoto akiwa chumbani.

"Toa hiyo injini," Lydiah akasema. "Baba Anyango, hakuna maneno. Toa."

Mama Awuor aliweka mikono mapajani. "Hawa watu wa Eastleigh," akasema mwishowe, "kwao kila kitu ni jini. Sisi wafu wetu tunawajua. Wuoda, huyo dereva aliangukia wapi?"

Wuoda, yaani mwanangu, ndivyo alivyomwita akitaka asikilizwe. Sylvance akatoa karatasi zilizokuja na injini. Jina: Mwanzia. Sanduku la posta la Matuu. Kadar aliwahi kumwambia ajali ilitokea huko huko, kwenye daraja dogo kabla ya kufika mjini. Kulikuwa na nambari ya simu pia. Sylvance akaipiga. Mteja hapatikani. Akaipiga tena. Mteja hapatikani.

"Unaona?" Mama Awuor akasema. "Kwetu mtu akifia njiani, hamchukui maiti mkaenda nayo hivi hivi. Mnarudi pale alipoangukia. Mnamwita kwa jina, mnamwambia twende nyumbani, mnamkokota na tawi mpaka anapolala wenzake. Asipoitwa anabaki ameshikilia kitu cha mwisho alichokishika. Huyu kijana alishikilia gari. Hakuna mtu alienda kumwita. Anakaa na mtoto kwa sababu yuko na upweke tu."

"Mzee Kadar alisema tusimpe jina," Lydiah akasema.

"Jina analo, Nyar Maragoli," Mama Awuor akamwambia mkwewe, binti wa Maragoli. "Alipewa na mamake."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa wakuu walikuwa wawili, na kila mmoja na lake. Sylvance alichagua la mamake. Angekuambia ni kwa heshima. Ukweli ni kwamba la mamake ndilo lililomwachia injini.

Jumapili watu wa kanisa la Mama Awuor walikuja kwanza, na ngoma na bendera, wakalizunguka gari wakiimba. Betri ilikuwa imechomolewa. Katikati ya wimbo honi ya gari ikalia, mara sita, ikanyamaza, mara moja, sawasawa na mdundo. Mpiga ngoma aliacha ngoma yake pale pale. Ilirudishwa kwake Jumanne.

Siku hiyo Anyango hakuamka kitandani ila kwa kubebwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kijiti. Lydiah alimkumbatia, akamtazama mumewe kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo. "Nakupatia mpaka Jumamosi. Hiyo kitu ikigonga tena baada ya hapo, naichoma na petroli, na gari ya babako pamoja."

Jumamosi asubuhi wakaondoka watatu, Sylvance, mamake na mtoto. Lydiah alitaka mtoto asiende, Mama Awuor akasema lazima, kwa kuwa yeye ndiye anayejulikana na mgeni. Lydiah mwenyewe hakuruhusiwa kwa sababu alikuwa na hofu, na mwenye hofu hawezi kumwita marehemu. Alibaki langoni ameshika chuma mpaka gari likapinda.

Njia nzima kishindo hakikukoma. Walipita Thika, wakashika barabara ya Garissa, jua likawa kali, mapapai na vitunguu vikapangwa kando ya lami, na nyuma Anyango alikuwa amelaza kichwa kwenye dirisha, kidole chake kikigonga kioo. Saa tano wakafika kwenye daraja. Ukingo wake ulikuwa umevunjika, haujajengwa, na ndani ya nyasi vipande vya kioo bado viling'aa.

Mama Awuor akakata tawi lenye majani. Akavua viatu. Akashuka mpaka penye vioo, mwanamke mdogo mwenye gauni la buluu, akainua uso.

"Mwanzia!" akaita. "Mwanzia, ee! Mimi ni mama kama mamako. Watu wako hawakuja kukuchukua, ni makosa yao, usiwakasirikie. Inuka. Wadhi dala. Twende nyumbani."

Malori yalipita juu. Hakuna kilichotokea.

"Mwanzia! Achia chuma chako, umwachie mtoto mwili wake. Inuka twende nyumbani."

Upepo ulikuwa umesimama. Sylvance, aliyekuwa juu kando ya gari, akasikia harufu ya udi ikitoka kwenye boneti, ikimpita usoni, ikishuka bondeni kuelekea kwa mamake polepole kama mtu anayechagua pa kukanyaga, na akataka kupiga kelele, akataka kusema Mama, acha, inatosha, lakini tayari Mama Awuor alikuwa akiita mara ya tatu, kwa huruma, kwa sauti aliyomwita nayo mume wake siku ya kumzika, akasema, "Mwanzia, kama kwenu ni mbali, kwetu ni kwako. Mlango uko wazi. Ingia mahali unapotaka."

Alipoanza kulikokota lile tawi, tawi la majani ambalo mtoto angelibeba kwa kidole, ilimbidi atumie mikono yote miwili.

"Amekubali," akanong'ona alipofika juu, jasho likimtiririka. "Fungua mlango, wuoda. Usiangalie."

Sylvance akafungua mlango wa nyuma. Hakuangalia. Alisikia springi za kiti zikilalama, kisha zikanyamaza.

Akageuza ufunguo. Injini ikawaka, na kitu cha kwanza alichokisikia kilimfanya afumbe macho. Sita. Sita tu, laini, tamu, zikipokezana bila doa. Akangoja. Akachukua bisibisi, akainama, akasikiliza dakika nzima. Kishindo hakikuwepo.

"Mama!" akasema. "Mama, imeisha!"

"Nilikuambia," Mama Awuor akajibu, akajifuta uso na kile kitambaa cha kanisani. Walishikana mikono wakacheka kama wagonjwa waliopona. Nyuma, Anyango alikuwa ameinua kichwa. Rangi ilikuwa imemrudia usoni.

"Baba, nasikia njaa," akasema. Wiki mbili hawakuwa wamesikia neno hilo.

Kilichobaki kilikuwa kumfikisha mgeni kwao. Sokoni Matuu waliuliza boma la Mwanzia, yule aliyepata ajali pale darajani. Mama mmoja muuza vitunguu aliwaonyesha njia ya mchanga bila swali. Walipita mashamba mawili ya mahindi, wakafika kwenye lango la bati. Mama Awuor akashuka na tawi lake, tayari kuwaambia wenye boma pole, tumewaletea mtoto wenu.

Lango likafunguliwa na mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyeegemea magongo. Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini gotini.

"Hamjambo," akasema.

"Hatujambo, baba. Tunatafuta watu wa marehemu Mwanzia."

Mtu yule akawatazama mmoja mmoja. "Marehemu gani? Mwanzia ni mimi."

Kuku alipita kati yao.

"Simu," Sylvance akasema kijinga. "Nilipiga simu. Haupatikani."

"Simu ilivunjika siku ya ajali, laini sikuirudisha. Wewe ni nani?" Halafu macho yake yakavuka bega la Sylvance, yakaangukia ile Peugeot ndefu inayonguruma, na akaisikia. Akarudi nyuma hatua moja kwa magongo. "Hiyo ni injini yangu. Mliweka hiyo injini kwa gari? Ilikuwa inagonga? Sita, halafu moja?"

"Ilikuwa. Imeacha sasa hivi."

"Imeacha aje?" Akashusha sauti. "Mimi nilikaa nacho miaka miwili. Kinagonga, nanyamaza. Kinanisukuma, nanyamaza. Mamangu aliniambia usikijibu, kitu hakina jina hakina pa kuingilia. Kiliposhindwa kuingia kikanitupa daraja, nikapoteza mguu peke yake, nashukuru Mungu. Kiliachwa kwa chuma. Sasa imeacha aje?"

Mama Awuor alikuwa ameanza kurudi nyuma. "Tulimwita," akasema. "Tulidhani... Mwanangu, tulijua ni wewe."

"Mlikiita? Na jina langu?"

"Mara tatu."

"Mkakiambia kiende wapi?"

Mama Awuor alikuwa analitazama tawi mkononi mwake. Alilipima, akalipima tena. Lilikuwa jepesi kama tawi lolote.

Kwenye gari Anyango alishusha kioo, akatoa mkono, akampungia Mwanzia taratibu kama anayemfahamu siku nyingi. Mwanzia akafunga lango. Walimsikia akilisukumia mawe kwa ndani, mtu wa mguu mmoja, akihema.

Walirudi Nairobi. Hajawahi fundi kuomba injini igonge, lakini Sylvance aliomba. Kutoka Matuu mpaka Thika, kutoka Thika mpaka Outering, alitega sikio, akiomba kile kishindo kirudi kwenye chuma, akiwa radhi kuing'oa injini pale pale barabarani kwa meno, kuliuza gari, kulichoma, kumpa Lydiah kiberiti mwenyewe, ilimradi tu baada ya sita asikie moja, na injini iliendelea kuimba sita, sita, sita, nzuri kuliko injini zote alizowahi kuzigusa maishani mwake, na mamake kando yake alikuwa amejifunika uso na kitambaa. Katika kioo hakuthubutu kutazama.

Waliingia Jericho jua likizama. Sylvance alipozima gari, paka wawili wakaruka kutoka ukutani, wakapanda juu ya boneti na kujikunja kwenye joto. Aliwatazama hao paka, akajua kwenye chuma hakuna kitu tena.

Ndani, Lydiah alikuwa amepika kuku. Anyango alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili, akala mpaka mifupa, na Lydiah akawa analia na kucheka, anamshukuru Yesu, anamshukuru mama mkwe, anamshika mumewe shingo. "Nisamehe," akamwambia. "Nilikusema vibaya. Ona mtoto." Mama Awuor aliingia chumbani bila kula, akajifungia. Sylvance akaitoa mikono ya mkewe shingoni taratibu.

Lydiah alipotoka kwenda kuosha vyombo, Sylvance akachuchumaa mbele ya kochi. Anyango alikuwa katikati yake, miguu ikining'inia, akitafuna kipande cha mua. Katikati kabisa. Kushoto palikuwa pana, kulia palikuwa pana.

"Mama," akamwita, sauti haimtoki vizuri. "Mbona leo hujajibana?"

"Haina haja," Anyango akasema. "Dani alimwambia aingie mahali anataka."

Dani ni nyanya yake. Sylvance alimvuta mtoto kifuani, kisha, bila kujua anafanya nini, kwa mazoea ya mikono iliyosikiliza vyuma miaka yote hiyo, akainama akaweka sikio kwenye kifua kile kidogo. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, safi, kwa nguvu. Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Kukawa kimya. Akashusha pumzi, akataka kuinua kichwa.

Mkono mdogo, wenye joto kama boneti, ukamshika kisogo na kumrudisha pale pale.

"Ngoja, Baba," Anyango akanong'ona. "Bado moja."